Taya Langu na Utani wa Meja

Jamani, leo nimeaibika. Siyo ile aibu ndogo ya kujikwaa mbele ya wakwe. Nimeaibika mbele ya meja mmoja, kapteni mmoja, bendi nzima ya jeshi na nusu ya mafundi wa Katwe, mdomo ukiwa wazi kama mlango wa duka.

Barua hii naiandika jioni hii hii, mkono mmoja umeshika kalamu, mwingine umeshika kidevu. Haiji kwa posta. Anawaletea Wafula, dereva wa lori, ambaye ameapa kuikalia mpaka avuke mpaka. (Kama wewe unayeisoma si Hosea, Mwangi wala Juma wa Nakuru, basi ujue haya yote nimeyabuni, na mimi serikali naipenda sana.)

Taya langu mnalijua. Nimelilalamikia katika kila barua tangu mwaka juzi. Ni upande wa kulia, pale kwenye kifundo, mbele ya sikio. Nikifungua mdomo linalia ko! Nikiufunga, ko! tena. Maumivu yanapanda mpaka kwenye jicho na kushuka mpaka begani. Felista, mke wangu, siku ya kwanza aliyolisikia tukiwa mezani alidhani mtu anabisha hodi. Na mnajua siku hizi mtu mlangoni hapa Kyebando si jambo la kuchekesha. Alizima redio, akanisukuma chini ya meza. Nikakaa kule robo saa nikijificha kutokana na taya langu mwenyewe.

Tiba nimetafuta. Nimeweka karafuu. Nimefunga kichwa kwa kitambaa nikaonekana kama mzazi wa juzi. Mwezi uliopita nilikwenda Ntinda, kwenye zahanati ya meno iliyokuwa ya Mhindi, ambayo siku hizi ni ya sajenti mmoja mstaafu. Walipogawa maduka ya Wahindi waliofukuzwa, yeye aliomba bucha, akapewa zahanati. Kiti kipo, taa ipo, koti jeupe lipo. Nikamweleza kwamba sina jino bovu, tatizo ni kifundo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hapa sisi natoa meno tu." Akatoa. Jino zima, zuri, jeupe! Taya likaendelea kuuma, sasa likiwa na nafasi zaidi.

Basi Felista akasikia kanisani kwamba kwenye hospitali moja kubwa hapa mjini bado yuko daktari wa meno wa kweli, aliyesomea, ambaye hajakimbia. Leo asubuhi nikamwomba ruhusa bosi wangu, Kapteni. Akanipa mpaka saa sita. "Saa sita na dakika moja," akasema, "mimi nakutafuta." (Katika mji huu neno hilo mtu halichukui kwa mzaha.)

Nikafika. Nikakaa kwenye benchi pamoja na mashavu yaliyovimba ya kila namna. Mwishoni mwa benchi alikaa jamaa mmoja wa shati la maua na miwani myeusi, gazeti mkononi. Shavu lake lilikuwa sawasawa. Kadi hakuwa nayo. Kila aliyekaa karibu naye aligundua kwamba jino limeacha kuuma, akaenda zake nyumbani. Ndivyo nilivyofika mbele ya foleni upesi.

"Ssebo, bwana, ingia," nesi akaniita. "Dakitari anakungoja. Bambi, pole na maumivu."

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mikono safi. Mlango wake ulikuwa wazi na hakuufunga. Siku hizi hakuna anayefunga mlango, maana mlango uliofungwa unaulizwa maswali. Akanibonyeza mbele ya sikio, nikaruka. Akaniambia fungua, funga, fungua, funga. Ko, ko, ko, ko.

"Unasaga meno usiku?"

"Mke wangu anasema nasaga mpaka kitanda kinatetemeka."

"Hiyo husababishwa na wasiwasi. Una wasiwasi wowote, bwana Zakaria?"

Nikatazama mlangoni. Gazeti la yule jamaa lilikuwa limeteremka kidogo.

"Mimi?" nikasema. "Hapana, daktari! Mimi ni mtu wa furaha sana."

"Vizuri!" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. "Hata mimi nina furaha sana."

Tukatazamana. Nikaona msuli wa shavu lake unacheza. Naye anasaga, maskini! Nilitamani kumkumbatia.

Akaniandikia karatasi na kuisoma polepole. Nile uji na vitu laini. Taulo ya moto asubuhi na jioni. Nisitafune kitu kigumu, nisipige miayo, nisipaze sauti, nisiseme sana. "Na usicheke," akaongeza, akinitikisia kidole. "Wiki sita. Kifundo chako kimelegea kabisa. Ukipanua mdomo zaidi ya vidole viwili kitatoka mahali pake, na hakitarudi chenyewe."

Nyamaza, usipaze sauti, usicheke. Daktari, hiyo siyo dawa, hiyo ni sheria ya nchi! (Sikusema. Niliwaza tu, tena kwa sauti ya chini.) Nikaikunja karatasi ile yenye jina na sahihi yake, nikaitia kwenye mfuko wa shati.

Sasa niwaeleze mkosi wangu. Leo, kati ya siku zote, ndiyo siku Kapteni aliyochagua kufungua duka.

Duka lenyewe mnalijua kwa barua. Miaka tisa nimefanya kazi pale chini ya Mzee Jivan, tukiuza misumari, bawaba, rangi na waya. Mzee Jivan ndiye aliyenifundisha kujua msumari kwa kuupapasa tu gizani. Siku aliyoondoka, na sanduku moja, alinishika mkono akasema, "Zakaria, misumari isipate unyevu." Hayo tu. Wiki iliyofuata duka likawa la Kapteni. Kitu cha kwanza Kapteni alichouza ni mizani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inang'aa. Baada ya hapo misumari tukawa tunaiuza kwa kiganja. Ilipokwisha ya mwisho, Kapteni alishangaa kweli kweli. Alidhani misumari huongezeka yenyewe dukani.

Kwa hiyo duka halina kitu. Lakini limepata kibao kipya chenye jina la Kapteni, na kibao kipya lazima kizinduliwe, na mzinduzi lazima awe Meja. Wiki nzima nimekuwa nikipanga makopo matupu ya rangi kwenye rafu, yale yenye matundu yakitazama ukutani.

Nilirudi dakika tano kabla ya saa sita. Nikamkuta Kapteni anatufanyisha mazoezi. Mazoezi ya nini? Ya kucheka.

"Meja anapenda utani," alikuwa anawaeleza wafanyakazi na mafundi wa Katwe aliowaita wajaze uwanja. "Yeye nacheka mara tatu. Nyinyi nacheka mara nne. Yeye akiinua fimbo, basi, nyamaza. Hakuna mtu naacha kucheka mbele ya fimbo. Hakuna mtu nacheka nyuma ya fimbo. Mnasikia?"

"Ndiyo, afande!"

"Haya, cheka!"

Wakacheka. Mimi nikacheka kwa midomo iliyofungwa: mm-mm-mm-mm.

"Wewe Zakaria! Hiyo ni kucheka ama ni ng'ombe?"

"Afande, daktari amenikataza. Taya langu—"

"Daktari ni meja?"

"Hapana, afande."

"Basi mimi nataka kuona meno!"

Nikaonyesha meno, kwa kipimo cha vidole viwili. Ko. Akaridhika. Tena akanipanga mstari wa mbele, kando yake kabisa, kwa sababu mimi ndiye mwenye shati jeupe. (Felista, kwa nini ulilipiga pasi?)

Saa tisa Meja akaja. Magari matatu. Bendi ya jeshi ilikuwa imekwisha kujipanga pembeni, tarumbeta zinamulika macho. Meja ni mtu mkubwa, tumbo lake lilitangulia kidogo kuliko heshima yake. Nyuma yake walishuka wawili wa mashati ya maua. Mmoja, naapa, alikuwa yule wa kwenye benchi la hospitali! Alinitazama, nikatabasamu kwa vidole viwili.

Utepe ukakatwa. Bendi ikapiga. Meja akatazama makopo matupu rafuni, akasema, "Mali mingi!" Kila mtu akakubali kwamba mali ni mingi. Kisha akasimama mbele yetu, akatoa utani.

"Zamani hapa ilikuwa na Mhindi na misumari," akasema. Akangoja. "Sasa Mhindi imekwisha... na misumari pia imekwisha!"

Akacheka mara tatu. Ha! Ha! Ha!

Na sisi tukacheka. Mimi pia nilicheka, sitawaficha. Nilikuwa kando ya Kapteni, yule wa miwani ananitazama, na nikaogopa. Nikasahau vidole viwili. Nikamcheka Mzee Jivan na sanduku lake moja, mdomo wazi mpaka koo likaonekana. Ha moja, ha mbili, ha tatu, na kwenye ya nne taya likasema KO! kwa nguvu kuliko siku zote, likatoka mahali pake, likabaki huko huko.

Taya langu lina adabu kuliko mimi.

Meja akainua fimbo. Kimya. Watu wote wakafunga midomo yao pa! kama walivyofundishwa. Mimi nikajaribu kufunga wangu. Haufungiki! Nikasukuma kidevu kidogo kwa mkono, maumivu yakanipiga mpaka kwenye nywele. Mabega yakaanza kutikisika na machozi kutoka.

Sasa fikirieni waliosimama nyuma yangu. Wanaona mgongo wa shati jeupe, mtu aliye kando ya Kapteni, mabega yanatikisika. Huyu bado anacheka! Fimbo imeinuliwa na mtu wa mbele anacheka! Labda kuna amri mpya. Labda yeye anajua. Nani yuko tayari kuwa mtu aliyenyamaza wakati wengine wanacheka? Fundi mmoja wa milango akaanza taratibu, he-he. Jirani yake akaogopa kuachwa. Baada ya sekunde tano uwanja mzima ulikuwa unacheka upya, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Meja akafurahi! Hakuwahi kuchekewa mara mbili kwa utani mmoja. Akacheka naye. Akainua fimbo tena.

"Sasa," akasema kwa uso wa huzuni, "kaka ya Kapteni alikufa juzi. Sisi nasimama dakika moja. Kimya kabisa."

Vichwa vikainama. Kofia zikatoka. Kapteni akafumba macho. Nami, kichwa changu kimeinama, mate yakaanza kunidondoka kwenye viatu. Nikatoa leso. Nikajipa moyo: dakika moja tu, Zakaria, hakuna anayetazama. Nikavuta pumzi kwa nguvu, nikashika kidevu kwa mikono miwili, nikakisukuma juu kwa nguvu zangu zote.

"HAAAAA!" ikatoka.

Katikati ya dakika ya kimya ya marehemu!

Na yule fundi wa milango, Mungu amsamehe, hakutaka kuchelewa tena. "Ha! Ha! Ha! Ha!" akajibu mara nne, kwa kipimo kamili. Wote wakafuata. Watu mia mbili walimcheka kaka yake Kapteni kwa dakika nzima, nyuso zao zimejaa hofu, hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuacha.

Meja hakucheka safari hii. Fimbo ikaanguka chini ghafla, na kelele zikakatika.

"Nani naanza?"

Vidole vyote vikanielekea. Cha kwanza kilikuwa cha Kapteni.

"Wewe. Unacheka nini?"

"Aaa," nikasema.

"Nasema unacheka nini!"

"Aaa-haaa." (Hebu jaribuni kusema 'naumwa, mheshimiwa' bila kukutanisha midomo. Jaribuni sasa hivi.)

"Ananicheka usoni!" Meja akaugeukia uwanja, kama anayetaka shahidi.

Wale wawili wa mashati ya maua hawakuhitaji kuambiwa. Mmoja alikwenda kwenye gari la nyuma, akafungua buti. Akatoa gurudumu la akiba, akaliweka chini, apate nafasi. Kila mtu hapa anajua nafasi hiyo ni ya nini. Wanaoingia kwenye buti hatujawahi kusikia habari zao tena, ila tu kwamba wake zao bado wanaulizia.

Nikamkumbuka Felista. Muda ule alikuwa anapika uji wangu wa kila siku.

Karatasi ya daktari ilikuwa mfukoni, kwenye kifua changu. Nilikuwa na uwezo wa kuitoa. Mkono ulikwisha kufika kwenye kifungo. Lakini ile karatasi imeandikwa 'asicheke', na chini yake jina la mtu. Nikaona jinsi Meja atakavyoisoma: daktari fulani anakataza watu kucheka kwenye sherehe. Hapo buti lingekuwa na abiria wawili, na sisi tunaoumwa mataya tusingekuwa na daktari. Nikaushusha mkono. Msinisifu. Mkono ulirudi kwenye kifungo mara mbili, nikaushusha mara mbili.

Hapo sauti ikatoka upande wa bendi.

"Afande, naomba ruhusa!"

Alikuwa koplo mmoja mrefu wa kaskazini, mpiga tarumbeta, midomo minene na shavu moja limeingia ndani.

"Sema, Koplo Okot," Meja akasema.

"Hii mtu hacheki, afande. Taya yake imetoka. Sisi watu ya tarumbeta tunajua hii ugonjwa. Mimi yangu ilitoka Gulu, mbele ya bendera."

"Unaweza funga?"

"Naweza funga, afande."

"Funga yeye!"

Yule aliyeshika buti akasogea mbele na pingu. "Mdomo," Meja akamwambia. "Nasema mdomo."

Koplo akanikalisha kwenye kopo tupu la rangi. Akatoa kitambaa anachosafishia tarumbeta, akazungushia vidole gumba vyote viwili, akaniingizia mdomoni mpaka kwenye magego. (Ladha ya ile dawa ya kung'arishia shaba ninayo mpaka sasa.) Akaninong'oneza, "Mzee, legeza. Usiogope." Ni maneno mazuri, ila alikuwa ananiambia hivyo nikiwa nimetazamana na buti la gari. Akabonyeza chini kwa nguvu, kisha nyuma.

Ko!

Mdomo ukafunga. Mpiga ngoma, kwa mazoea tu, akapiga dum! Watu wakapiga makofi, kisha wakamtazama Meja kujua kama yanaruhusiwa.

Meja akaniinamia. "Sasa unasema. Ulikuwa nacheka ama ulikuwa naumwa?"

Jamani, ninyi mnaokaa Nakuru, pimeni swali hilo. Nikisema nilikuwa naumwa, basi sikuucheka utani wa Meja. Nikisema nilikuwa nacheka, basi nilimcheka marehemu. Buti bado lilikuwa wazi.

"Mheshimiwa," nikasema kwa vidole viwili, "utani wako ndio ulionivunja taya. Nilicheka mpaka likashindwa."

Tumbo la Meja likaanza kutikisika.

"Maneno yangu imevunja taya ya mtu!" akawaambia bendi. Akamwambia Kapteni. Akamwambia yule wa buti, ambaye alilazimika kurudisha gurudumu la akiba ndani. "Taya! Imevunja!" Akacheka, safari hii si mara tatu, akacheka mpaka akajifuta macho. Uwanja ukacheka naye. Mimi nikakishika kidevu kwa mikono miwili na kucheka kwa pua.

Bendi ilipokuwa inafungasha, nikamfuata Koplo Okot kumshukuru. Akaniambia taulo ya moto, uji, na usiku niweke kitambaa laini katikati ya meno. Maneno yale yale ya daktari.

"Hii ugonjwa iko na watu wengi hapa mjini?" nikamwuliza, kwa Kiswahili chake.

Akatazama kushoto na kulia. "Wengi, mzee. Hata kambini. Usiku ukilala na sisi, unasikia meno tu."

Nilitamani kumwuliza wao wanaogopa nini. Sikuuliza, naye hakungoja niulize.

Nimefika nyumbani mzima. Felista alipoona nimechelewa alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya kutoka kwenda kunitafuta, na uji umeganda. Nikamsimulia. Alilia kwanza, nilipofika kwenye buti. Nilipomwambia kuhusu fundi wa milango akaanza kucheka, akakaa chini, akacheka mpaka akajishika mbavu. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo, bila hesabu wala fimbo. Mimi nikakaa namtazama, taulo ya moto shavuni, nikiwa na furaha ambayo safari hii haikuwa ya kudanganya.

Ila kuna jambo moja nimemficha, nawaambia ninyi. Kabla ya kuondoka, Meja alinigonga begani kwa fimbo, akamwambia Kapteni: "Hii mtu najua kucheka. Jumamosi iko karamu ya maofisa. Mimi nasema ile utani tena. Yeye nakaa mbele."

Daktari amesema wiki sita. Meja amesema Jumamosi. Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu, msinicheke. Na kama mmekwisha kucheka, basi tafadhali malizeni na fungu langu, kwa sababu mimi kuanzia Jumamosi nacheka kikazi.